Saa 24 Kigoma: Anza na Samaki, Mengine Yatajipanga

Wengi wetu hufika Kigoma tukiwa njiani. Treni imekushusha leo na boti ya kwenda Kagunga ni kesho. Au ndege ya kurudi Dar ni kesho jioni. Au ulikuwa na shughuli Kasulu, na basi la kukurejesha Tabora linatoka keshokutwa alfajiri. Una usiku mmoja na mchana mmoja, basi.

Kosa ninaloliona kila mara ni mgeni kuanza na makumbusho, akapiga picha zake mlimani, halafu saa tisa alasiri njaa imemkaba ndipo anauliza samaki wazuri wako wapi. Saa hizo wazuri wameshaliwa. Aliyebaki kwenye kabati la vioo ni yule aliyekaangwa asubuhi, mkavu kama ubao, anayepashwa moto mara ya tatu. Na mimi nilimla huyo, safari yangu ya kwanza, nikaondoka nikisema sifa za samaki wa Kigoma zimezidishwa. Hazikuzidishwa. Nilikuwa nimefuata saa yangu badala ya saa ya ziwa. Ratiba ninayokupa hapa inaanza na samaki, na hayo mengine yanapachikwa katikati.

Kabla hujakata tiketi, tazama mwezi

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa hupanda kuufuata mwanga, na samaki wakubwa zaidi waitwao migebuka huwafuata dagaa kwa sababu ndicho chakula chao. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Sasa mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina maana. Dagaa hutawanyika, mitumbwi inapumzika, bei inapanda, na mwaloni, yaani pwani wanakotua wavuvi, unakuta watu wanashona nyavu.

Huhitaji programu yoyote ya simu kujua hilo. Angalia kalenda ya Kiislamu ukutani: kuanzia kama tarehe 12 hadi 18 mwezi ni mkubwa, na hizo ndizo siku mbaya za kutafuta dagaa wabichi. Siku za mwisho wa mwezi na mwanzo wa mwezi mwandamo ndizo wavuvi wanazoziita giza. Njoo kwenye giza.

Kuna jambo la pili. Nchi nne zinazochangia ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane. Mwaka 2024 upande wetu ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kama safari yako inaangukia miezi hiyo, piga simu kwa mwenyeji kwanza uulize kama ziwa limefunguliwa. Likiwa limefungwa, mji bado unatembeleka, ila utakula samaki waliokaushwa na waliotoka mabwawani, na sehemu kubwa ya mwongozo huu utaisoma kwa macho tu.

Beba kitambulisho. Huu ni mkoa wa mpakani, na maofisa wa uhamiaji kupanda basi na kukagua abiria mmoja mmoja ni jambo la kawaida. Usiulize kwa nini umeulizwa wewe.

Jioni ya kufika: lala mapema

Gesti ni nyingi kuanzia mjini karibu na stesheni mpaka Mwanga, ambako ndiko mji unakochangamka usiku. Ukiweza, lala mjini, kwa sababu asubuhi unaelekea mwalo wa Kibirizi na hutaki kuhangaika na usafiri gizani. Muagize mwenye bodaboda usiku huo huo akufuate. Mpe saa kamili, na mkubaliane bei.

Hapo kwenye saa kuna mtego kwa watu wa pwani. Kigoma iko mbali magharibi lakini inafuata saa ile ile ya Dar, kwa hiyo jua lake huchomoza na kuzama kama dakika 40 baadaye. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati Dar watu wako kwenye foleni, hapa bado ni giza. Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Faida yake utaiona kesho.

Kwa chakula cha usiku usihangaike. Maharage yaliyoungwa kwa mawese na ugali wa muhogo yanatosha. Samaki tunamtunzia nafasi.

Alfajiri: mwalo wa Kibirizi

Mwambie bodaboda akufikishe Kibirizi kabla ya jua, kama saa kumi na mbili na nusu. Ni kaskazini ya mji, dakika chache tu. Vaa viatu visivyoogopa maji na magamba.

Mitumbwi inarudi pwani ikiwa miwili miwili, imeunganishwa kwa miti mirefu inayobeba wavu katikati, na wavuvi wana macho mekundu ya kukesha. Kabla haijagusa mchanga tayari kina mama wamesimama majini mpaka magotini, beseni kichwani. Biashara inafanyika hapo hapo, kwa sauti kubwa. Mgeni anadhani ni ugomvi, kumbe ni bei.

Ukisimama katikati ya njia ya wabebaji utasukumwa, na utastahili. Kaa pembeni, salimia kwanza. Mwenye asili ya Buha, nchi ya Waha, ukimwambia "Mwakeye" asubuhi, hata ukilitamka vibaya, uso wake unafunguka. Na usitoe simu kupiga watu picha kabla hujaomba. Nimemwona kijana mmoja akimwagiwa maji ya samaki kwa kosa hilo, na hakuna aliyemwonea huruma.

Dagaa wabichi wana rangi ya fedha inayoakisi mwanga, unaweza kuona macho yao madogo meusi yakiwa bado maangavu. Wakichakaa macho yanakuwa meupe na tumbo linapasuka. Hapo ulipo fuata beseni moja kwa macho mpaka liendako. Utafika kwenye uanikaji. Wengine huanika juu ya mchanga, wengine juu ya vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Tofauti hii ndiyo itakayokusaidia wakati wa kununua: dagaa wa kichanja hupigwa upepo juu na chini, hukauka sawasawa na huwa safi. Wa mchangani ni rahisi zaidi, lakini utautafuna huo mchanga nyumbani kwako.

Jinsi ya kuwajaribu ni hivi. Chota kiganja kimoja, wapepete kidogo juu ya kiganja kingine. Chembe zikidondoka, umeshajua walikolala. Kisha vunja mmoja katikati. Akivunjika kwa mlio amekauka, akijipinda kama uzi bado ana maji na atavunda kabla hujafika Morogoro. Mwisho nusa. Harufu iwe ya samaki, isiwe ya kukwaruza koo. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakasiriki ukifanya haya. Mama mmoja aliniambia, "Vunja tu mwanangu, anayekataa kuvunjiwa ana lake jambo." Nikanunua kwake, na sikujuta.

Lakini usinunue asubuhi hii. Utabeba mzigo unaonukia mchana kutwa. Ulizia bei, kumbuka uso wa muuzaji, rudi jioni.

Unachokitafuta kwa ajili ya tumbo leo ni mgebuka. Ni samaki mwembamba mrefu, mwenye ngozi ya fedha na mgongo uliokolea kidogo, kiasi cha mkono kutoka kiwiko mpaka vidole akiwa mzuri. Mashavu yakifunuliwa yawe mekundu kama damu, nyama ukiibonyeza irudi. Ukimpata kuhe, usimwache. Huyu ni ndugu wa mbali wa sato, anapatikana ziwa hili tu, na katika ukoo wao wote duniani ndiye mkubwa kuliko wote. Nyama yake ni nene na tamu, na wenyeji wengi watakuambia anamshinda mgebuka. Mimi nasema hapana, ila sitapigana kwa hilo.

Sasa fanya hivi: nunua samaki wako, mpeleke kwa mama ntilie wa jirani au wa mjini, umwambie unarudi saa saba kasoro. Akutengenezee, umlipe kazi yake na mkaa. Hii ndiyo hatua inayoiokoa siku nzima. Kama huna hamu ya kubeba samaki, nenda kwa mama ntilie saa mbili asubuhi ukaagize, yeye mwenyewe atakuchagulia kabla walio bora hawajaisha.

Chai unywe hapo hapo mwaloni, na chapati au muhogo wa kukaanga. Usishibe.

Saa tatu: Ujiji

Panda daladala inayopita Mwanga kwenda Ujiji. Ni chini ya kilomita 10, na ni mji mkongwe kuliko Kigoma yenyewe. Kabla ya reli, Ujiji ndio uliokuwa mji. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka hapa kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, na huku ndiko Waswahili wa pwani walikokutana na Waha na Wamanyema waliovuka kutoka Kongo. Ukisikia Kiswahili cha mzee wa Ujiji utadhani amezaliwa Tanga, kisha akichomeka neno la ng'ambo unakumbuka ulipo.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa Februari 1858. Lakini mahali panapotembelewa ni pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871. Kuna kumbukumbu ya mawe, makumbusho, na miembe. Mwembe wenyewe wa siku ile haupo tena. Hii iliyopo inatajwa kuwa uzao wake. Tarehe inayotajwa ni 10 Novemba, ambayo ni ya Stanley. Livingstone alikuwa ameugua na kupoteza hesabu ya siku, na kwa daftari lake wawili hao walionana siku kadhaa kabla ya hapo.

Mwongozaji atakusimulia juu ya wazungu wawili kuvuliana kofia. Msikilize, halafu muulize kuhusu Susi, mtumishi wa Livingstone. Ndiye aliyekimbia kumwambia Livingstone kwamba kuna Mwingereza anakuja. Miaka miwili baadaye, Livingstone alipofia kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Susi na mwenzake Chuma ndio walioongoza msafara ulioubeba mwili wake uliokaushwa mpaka Bagamoyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari ya Ujiji, na ukiuliza utaona mwongozaji naye anachangamka, maana si wengi wanaomuuliza.

Makumbusho yenyewe hayachukui saa nzima. Muda uliobaki tembea kwa miguu kushuka ziwani. Kuna mafundi wa mitumbwi ufukweni, wanapiga mbao kwa mkono na kuziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa pamba. Kaa na fundi dakika 20. Njiani utapita nyumba za udongo zenye baraza na milango ya mbao, wazee wamekaa kwenye bao. Novemba na Desemba embe ziko kila mahali.

Ukirudi, teremka Mwanga sokoni. Vitenge vingi hapa vinapita kwa njia ya Kongo na Burundi, na wauzaji wana macho: wakikutambua kwa lafudhi ya Dar, bei inapanda mlima. Shika kitambaa, geuza upande wa pili. Rangi iwe imepenya. Kisha taja nusu ya bei na uwe tayari kuondoka.

Saa saba kasoro: mgebuka

Rudi kwa mama ntilie wako.

Mgebuka ana njia mbili za kupikwa, na kama mko wawili agizeni zote. Ya kwanza ni kuchoma. Anapasuliwa ubavuni mistari mitatu minne, anapakwa chumvi na ndimu, anawekwa juu ya mkaa uliokwisha kutulia. Nyama yake ni laini, hivyo mchomaji mwenye haraka humvunja. Ukiona anamgeuza geuza, jua utaletewa vipande. Ya pili ni kumkaanga kidogo, kisha kumtia kwenye mchuzi wa mawese, vitunguu na nyanya, na nyanya chungu mbili tatu zikielea. Mchuzi unakuwa na rangi ya jua linapozama na harufu ambayo anayeifahamu humiminika mate akiwa bado barabarani. Asiyeyazoea mawese huyaona mazito. Onja mara tatu kabla hujasema huyataki.

Omba ugali wa muhogo, usikubali wa sembe. Ni mlaini, unavutika, na mgeni hukosea kwa kuutafuna. Hautafunwi. Mega tonge dogo, libonyeze katikati kwa dole gumba lifanye kijiko, chota mchuzi, telezesha. Pembeni omba sombe, ambayo nyie wa pwani mnaiita kisamvu. Hapa hutwangwa vizuri na kuungwa kwa karanga au mawese, wakati mwingine vyote.

Wakati mnakula lazima mwenyeji mmoja atakueleza kwamba Wamalaysia walichukua mbegu za michikichi Kigoma wakaenda kutajirika. Ukweli ni kwamba mashamba ya huko chanzo chake ni miche minne iliyopandwa Bogor, Indonesia, mwaka 1848. Mimi hunyamaza na kumega tonge.

Stesheni na meli

Kwa kushusha chakula tembea mpaka stesheni. Jengo ni la Wajerumani. Reli waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika hapa 1914, zaidi ya kilomita 1,200, na tangu hapo Kigoma ni mwisho wa reli. Simama ukilitazama kutoka barabarani, ziwa likiwa nyuma yako.

Kisha ulizia kama MV Liemba iko bandarini na kama unaruhusiwa kuingia. Bandari ina ulinzi, usijipigie picha. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli mpaka Dar na kwa treni mpaka hapa, ikaunganishwa upya. Iliingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Vita vilipowaelemea, Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nene. Kwa grisi ile, Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta bado inafaa, na Mei 1927 ilirudi kazini ikiitwa Liemba.

Saa kumi: kuoga na kusubiri jua

Hapa ndipo zile dakika 40 zinakulipa. Saa kumi una karibu saa tatu za mwanga. Chukua bajaji kuelekea kusini, upande wa Katonga, kuna fukwe za kulipia kiingilio ambazo maji yake ni maangavu mpaka unaviona vidole vya miguu. Inayojulikana zaidi ni Jakobsen. Ukiwa na miwani ya kuogelea ingia kwenye mawe. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa sato, wengi hawapo kwingine duniani, wenye mistari ya manjano, buluu na nyeusi, na hawakuogopi.

Mambo mawili ya tahadhari. Usioge kwenye matete wala karibu na vijiji, kichocho kipo, na mamba hupenda sehemu hizo. Na usiende mbali: hili ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na sakafu huporomoka ghafla hatua chache kutoka pwani. Maji ya ziwa yasiyo na chumvi pia hayakubebi kama ya bahari. Mtu wa Kigamboni anayejiona samaki hushangaa jinsi anavyochoka haraka.

Jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Baada ya mvua milima inaonekana wazi, mikunjo na yote. Kiangazi kikikomaa, Julai na Agosti, moshi wa mbuga zinazoungua huificha, na jua linakuwa duara jekundu linalotumbukia hewani kabla ya kufika maji. Ikishaingia giza, tazama ziwani. Zile taa zinazowaka moja moja ni mitumbwi inayotoka.

Gombe je?

Watu huuliza, kwa hiyo nijibu: kwa saa 24, usijaribu. Hifadhi ile ambayo Jane Goodall alifika kuchunguza sokwe mwaka 1960 iko karibu kwa ramani, lakini maboti ya abiria kutoka Kibirizi huondoka mchana na kurudi asubuhi inayofuata. Kukodi boti binafsi kunawezekana kwa mwenye fedha, na bado sokwe hawana miadi na wewe. Tenga siku mbili nyingine.

Kufunga mizigo

Kabla ya machweo au asubuhi ya kuondoka pita kwa yule mama wa dagaa. Wafunge kwenye mfuko wa karatasi kwanza, ndipo kiroba. Mfuko wa plastiki peke yake unawatoa jasho na kuwaharibu. Ukienda kwa treni, chumvi usiinunue mjini. Subiri kituo cha Uvinza, ambako chumvi ya chemchemi ilikuwa biashara karne nyingi kabla ya mkoloni.

Mawese nunua yaliyotulia, mazito chini na maangavu juu, bila povu. Na kuhusu kidumu nisikilize mimi niliyewahi kufika Dodoma na shati jeupe lililogeuka rangi ya chungwa. Usijaze mpaka mdomoni, maana yakipata joto ndani ya basi yanatanuka. Acha vidole vitatu. Weka kipande cha nailoni juu ya mdomo kabla ya kufunga kifuniko, kaza, kisha kipindue kidumu juu chini ukihesabu mpaka 20. Kikivuja hata tone, mwambie akubadilishie hapo hapo, na ukiweke miguuni pako, usikubali konda akitupe buti.